AA, kikundi cha dini, kikundi cha rehabu au mkutano wa kwenye simu: uende upi ukiwa Mombasa?

Mwezi uliopita mtoto wa mamangu mdogo, anayekaa Likoni, alinipigia simu saa tisa usiku. Alikuwa ameketi barazani, usingizi hana, mikono inamtetemeka, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, ile mikutano yenu ya kuacha pombe, nije upi?"

Nilifurahi kwamba ameuliza. Halafu nikaingiwa na hofu ya kumjibu vibaya, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima nikizunguka kwenye mikutano isiyonifaa, na kila niliporudi nyumbani nilijiambia kwamba mbovu ni mimi. Leo nina miaka minne bila pombe. Kabla ya hapo nilikuwa nikifanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya Pwani Kaskazini, nakunywa kwa kujificha, natafuna karafuu ili mama asinuse. Nikiandika haya nawaza watu kama yeye na kama nilivyokuwa mimi: mtu ameshaamua kutafuta mkutano, anaambiwa ipo ya kila namna, na hajui mlango upi abishe.

Kabla ya mlango wowote, daktari

Nilimwambia kwanza aende hospitali kukipambazuka, mikutano ingefuata. Anayekunywa kila siku, anayeamka akitetemeka mpaka atoe loki, yaani anywe ya asubuhi, ndipo mikono itulie, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa huanza kusumbuka ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho: jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kumwangusha mtu ndani ya saa 48 za mwanzo, hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wapo wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, homa inapanda, na hali hiyo huua. Kwetu watu wakiona hivyo husema amepandwa na kitu, wakaanza kutafuta mganga, na saa za kumwokoa zinapita.

Hospitalini mtu hupewa dawa za kumtuliza, zikipunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa. Mombasa unaweza kuanzia Hospitali Kuu ya Pwani, au Port Reitz kule Changamwe ambako kuna huduma za afya ya akili. Mikutano ninayoilinganisha hapa chini ni watu wanaosaidiana kwa maneno na kwa kuwepo. Degedege haliponywi kwa maneno.

Ni mikutano gani hasa?

Unaousikia zaidi ni wa AA, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana bila kutajana majina kamili. Ulianza 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa kwenye kazi za hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, walipogundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake anaweza kuipita siku bila kunywa. Hatua 12, yaani mwongozo wao wa kuacha pombe, zikachapishwa 1939. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hujazi fomu, huonyeshi kitambulisho. Mnakaa saa moja hivi au saa moja na nusu, mmoja anazungumza, wengine wanasikiliza bila kumkatiza wala kumkosoa. Kuna na NA, yaani Narcotics Anonymous, iliyoanza California 1953 kwa watumiaji wa dawa za kulevya, na ambayo kwake pombe nayo ni dawa ya kulevya.

Wa pili ni wa dini. Makanisa mengine yana vikundi vyao vya maombi na ushauri, na mengine hufuata mpango wa Celebrate Recovery, ulioanza 1991 kwenye kanisa moja la California. Kwa Waislamu, huko Baltimore, Marekani, kulianzishwa Millati Islami mwaka 1989, ambao uliziandika upya zile hatua 12 kwa msingi wa Kiislamu. Hapa Mombasa Mwislamu mara nyingi huanzia kwa ustadhi anayemwamini, au kwenye shirika kama MEWA, lenye kituo chake cha kurekebisha waraibu.

Wa tatu ni vikundi vya rehabu, vya walio ndani na vya waliokwisha kutoka. Hivi huongozwa na mshauri aliyesomea. Kule Miritini kuna kituo cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na vipo vya binafsi na vya mashirika. Wa nne ni mikutano ya kwenye simu: AA yenyewe hukutana mtandaoni usiku na mchana kutoka kila pembe ya dunia, na kuna SMART Recovery, iliyoanza 1994, inayomfundisha mtu kuzichunguza fikra zinazomsukuma kunywa na kuzijibu.

Basi hayo ndiyo majina. Nilipokuwa natafuta, kila aliyenishauri alinieleza falsafa ya mkutano wake, na hakuna aliyeniuliza napanda matatu gani kurudi nyumbani.

Saa ya kiu na njia ya kurudi

Mimi ningepima hili kabla ya jingine lolote. Kiu ya kila mlevi ina saa yake. Yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, shifti ikiisha. Kutoka geti la hoteli hadi steji kulikuwa na baa tatu, na ya tatu walinijua kwa jina. Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa mjini, Jumamosi asubuhi. Watu wake walikuwa wema na walinipokea vizuri, lakini mimi Jumamosi asubuhi sikuwahi kuwa na kiu. Nilikwenda, nikalia, nikapigwa pambaja, na Jumatatu saa kumi na moja jioni nikawa pale pale kwenye baa ya tatu. Nilichohitaji ni mahali pa kuketi kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, siku ya kazi, hata kama mkutano wenyewe ungekuwa wa kawaida tu.

Kwa kipimo hiki mikutano inatofautiana sana. Vikundi vya AA hukutana siku na saa zilizopangwa, na huenda karibu na kwako pakawa na siku moja au mbili tu kwa wiki. Kikundi cha kanisa mara nyingi ni siku ya ibada ya katikati ya wiki. Vikundi vya rehabu vya waliotoka hupangwa kufuata saa za kazi za mshauri, maana yake mchana, na mtu wa kibarua bandarini hawezi kuiacha riziki ya siku ili akahudhurie. Hapa ndipo simu inapozishinda zote tatu. Sisi tuko saa tatu mbele ya London wakati wao wana baridi, na saa mbili mbele wakati wa kiangazi chao. Mkutano wa kule wa saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa tatu usiku au saa mbili. Wa New York wa adhuhuri, wakati wa baridi yao, unatukuta saa mbili usiku. Yaani ile saa ambayo mtu wa Kisauni anawaza kutoka kwenda "kununua vocha", kuna mahali watu wanafungua mkutano.

Na njia. Anayekaa Likoni akienda mkutano wa jioni kisiwani ana feri mbele yake kwenda na kurudi. Mkutano ukimalizika saa mbili usiku, akipanga foleni, akivuka, akachukua bodaboda, afike nyumbani saa ngapi, na apite mbele ya mangwe (vilabu vya pombe ya mnazi) ngapi? Fanya hivi: iende ile njia mara moja mchana, ukiwa mzima, uhesabu. Mimi nilihesabu ya kwangu nikaamua kushukia steji moja mbele na kurudi nyuma kwa miguu, ili nisipite mlango fulani. Nilifanya hivyo miezi saba.

Siri, katika mji ambao kila mtu ni jamaa ya mtu

Mombasa ni mji mkubwa wenye masikio ya kijiji. Ukikohoa Kongowea, shangazi yako wa Mikindani anakuuliza umekunywa dawa gani. Kwa hiyo swali la nani ataniona ni halali kabisa, na asikwambie mtu kwamba unajali sana watu.

AA wanasema majina ya kwanza tu, na linalosemwa humo linabaki humo. Wana mikutano ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuingia, hata ndugu yako au mwanafunzi wa chuo, na iliyofungwa, ya wenye tatizo la pombe peke yao. Ukiogopa kuonekana, uliza kabla ni upi. Ulinzi wako mkubwa pale ni kwamba kila aliyeketi ana siri kama yako. Lakini ni ulinzi wa ahadi tu; akitokea wa kuvunja, hakuna pa kumshtaki.

Kwenye rehabu kuna faili lenye jina lako kamili, na kuna mshauri ambaye maadili ya kazi yake yanamfunga mdomo. Hapo siri ya maneno ni imara zaidi. Siri ya mwili haipo, kwa sababu bango liko getini na kila dereva wa tuktuk anajua ukishukia pale unafuata nini.

Kwenye dini ndiko nilikoumia. Nilimweleza kiongozi mmoja wa maombi, kanisa silitaji, mambo niliyokuwa sijamwambia hata mama. Jumapili iliyofuata akasimama mbele na kuomba kwa ajili ya "dada yetu wa Bombolulu aliyefungwa na roho ya ulevi". Shingo ziligeuka. Naamini alikuwa na nia njema. Alidhani anaita jeshi zima la kunipigania. Mimi nilikaa miezi sita bila kurudi kanisani wala kwenye mkutano wowote, na miezi hiyo nilikunywa kuliko wakati wowote. Ukichagua kikundi cha dini, na wengi kimewaokoa, mwambie kiongozi kwa maneno wazi: jambo langu lisitajwe, hata kwenye dua, hata kwa mafumbo.

Simu nayo ina siri yake ya ajabu. Unazima kamera, unaandika jina lolote, na watu walioko Uingereza hawamjui shangazi yako. Ila nyumba zetu za vyumba sita kwenye kolido moja, kuta hazifiki dari, na jirani anasikia hata ukigeuka kitandani. Nilikuwa naketi juu ya paa, earphone sikioni, nasikiliza tu. Kuzungumza nilizungumza kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano.

Nina rafiki Mwislamu ambaye huja kwenye mkutano wa ana kwa ana amevaa ninja, ile nikabu ya kufunika uso. Akiingia ndani, kama ni wanawake watupu, huiondoa, anakunywa chai, anacheka na sisi. Akitoka anaivaa, na barabarani hakuna anayejua ni nani aliyeingia mle. Ananiambia kwamba miaka yake ya kunywa, hofu yake kubwa ilikuwa kuonekana na chupa, na sasa amechoka kuogopa kuonekana akitafuta dawa.

Mungu yumo, na yumo kwa namna gani

Hatua za AA zinamtaja Mungu, kwa namna kila mtu anavyomwelewa, na nguvu iliyo kuu kuliko sisi. Si mkutano wa kanisa. Lakini mara nyingi hupangwa kwenye vyumba vya makanisa kwa sababu ndivyo vinavyopatikana kwa bei nafuu, na baadhi ya vikundi hufunga kwa dua. Kwa Mwislamu wa Mombasa, kuonekana akiingia ua wa kanisa Alhamisi jioni ni habari ya mtaa mzima. Uliza kwenye simu: mnakutana wapi, na mnafunga kwa maneno gani? Kikundi kizuri hakitaona vibaya swali hilo. Kama jibu halikukai, usijilazimishe; tafuta kinachokutana kwenye ukumbi wa kijamii au hospitali, au uende kwa watu wa dini yako kwa tahadhari niliyoisema.

SMART Recovery haina Mungu ndani, haimkatazi wala haimtaji. Wapo wanaofarijika kwa hilo. Mimi nilihisi baridi, lakini zile karatasi zao za kuandika faida na hasara za kunywa bado ninazo kwenye mkoba.

Niseme na kuhusu hatua ya kwanza, ile ya kukiri kwamba hatuna nguvu mbele ya pombe. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikasirika. Tangu nizaliwe nimeambiwa sina nguvu: na baba, na mume, na meneja. Nije hapa tena nikariri? Baadaye nilijua kwamba sikuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1970 Jean Kirkpatrick wa Marekani aliunda kikundi cha wanawake watupu kwa sababu aliona AA haikumjibu mwanamke alivyo. Mimi nilibaki AA, kwa sababu mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, wewe umeambiwa huna nguvu mbele ya pombe. Mbele ya watu hujaambiwa hivyo." Lakini nikimwona dada mpya akikunja uso kwenye sentensi hiyo, namfuata nje, namwambia kwamba kipo kikundi kingine kama hiki hakimkai.

Mnazi kwenye matanga

Hapa mkutano wa nyumbani unaushinda wa London vibaya. Mimi ni Mgiriama. Kwetu mnazi hauko baani peke yake. Uko kwenye mahari, uko matangani, unamwagwa chini kwa ajili ya koma, mizimu ya wazee wetu, na mjomba anaponyoosha kibuyu na mrija anakupa heshima. Kumkatalia mzee mbele ya watu ni jambo zito. Niliwahi kulieleza hili kwenye mkutano wa mtandaoni. Wakanisikiliza kwa upole, kisha mmoja akanishauri nisiende mazikoni. Nisiende kumzika nyanya!

Kwenye kikundi cha hapa nililisema kwa Kiswahili, hata nikachanganya na Kigiriama, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mgema akajibu papo hapo: pokea kibuyu kwa mikono miwili, inamisha kichwa, kisha mpe aliye kulia kwako, useme daktari amekukataza. Mzee hajaaibika, nawe hujagusa. Nimefanya hivyo matanga manne.

Kuna na Waislamu wanaoacha mwezi mzima wa Ramadhani, wakaamini wamepona, na usiku wa mwezi kuandama wakaanguka kuliko walivyokuwa Shaabani. Mtu wa hapa analijua hilo na atakupigia simu jioni ile bila kuombwa. Lugha pia ni sehemu ya jambo hili. Vikundi vingine vya AA vya miji yetu huendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu vitabu ni vya Kiingereza. Kama aibu yako unaijua kwa Kiswahili, utaieleza nusu. Uliza lugha kabla ya kwenda.

Ukianguka tena

Wengi wetu tuliteleza. Kwa hiyo usichague mkutano kwa jinsi unavyompokea mgeni. Angalia unavyompokea aliyerudi akinuka. AA nilizoziona, anayerudi hupigiwa makofi, anahesabu upya siku ya kwanza, na sponsa wake, yaani mtu aliyekaa muda mrefu zaidi bila pombe na aliyekubali kumshika mkono, anampeleka pembeni wanywe chai. Rehabu kuna kanuni; baadhi humtoa anayekunywa akiwa ndani, na siwalaumu, wana wengine wa kuwalinda. Kwenye dini inategemea kiongozi: wapo wanaoona ugonjwa, wapo wanaoona dhambi peke yake na kukukumbusha kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Ukiusikia msemo huo mlangoni, geuka. Kwenye simu hatari ni ukimya. Unaacha kuingia, na hakuna anayejua unakaa wapi aje akugongee.

Je, kuna ushahidi kwamba vinasaidia? Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba programu zilizopangwa vizuri za kumwingiza mtu AA na hatua 12 zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika, kama ile ya kubadili fikra na tabia, kwenye kumfanya mtu akae bila pombe kabisa kwa muda mrefu. Kwenye vipimo vingine zilikaribiana. Tafiti hizo hazikufanywa Kisauni, lakini kwangu mimi zinatosha kumwambia mtu aipe AA nafasi ya haki, mikutano sita hivi, kabla ya kuikataa.

Pesa, na waliobaki nyumbani

AA haina ada. Linapita kapu, mwenye kitu anatia, asiye nacho anapitisha. Vikundi vya dini kwa kawaida ni bure. Simu inataka bando. Rehabu ya kulala, ambayo mara nyingi ni miezi mitatu, ndiyo ghali, na kabla ya kulipa omba kuona kibali cha NACADA. Mwenye nacho hukuonyesha bila maneno mengi.

Mke, mama au mtoto wa mnywaji naye ana mahali pake. Al-Anon ilianzishwa 1951 na mke wa Bill Wilson pamoja na mwenzake, na mtu wa familia anaweza kwenda hata kama mlevi mwenyewe hajakubali kitu. Mamangu alikwenda huko, kwa simu, kabla mimi sijaacha. Baada ya hapo aliacha kuniwekea ufunguo nje nikichelewa kurudi, akaacha na kunilipia madeni ya baa. Nilimchukia kwa miezi miwili.

Pa kuanzia

Piga 1192, laini ya NACADA, ni bure na inapokelewa usiku na mchana. Uliza wakuelekeze kwa huduma na vikundi vilivyo karibu na mtaa wako. Ukipewa namba ya kikundi, piga siku moja kabla, kwa sababu siku na vyumba hubadilika, nawe hutaki kukutana na mlango umefungwa ukiwa na nauli ya kurudi tu mfukoni. Uliza siku na saa, lugha, kama ni wazi au umefungwa, kama kuna wanawake wengine ikiwa wewe ni mwanamke, na kama waliomo ni wa pombe au wamechanganyika na wa unga, yaani heroini. Hapa Pwani huduma nyingi zilijengwa kwa sababu ya unga, na mnywaji anaweza kujikuta peke yake kwenye chumba cha watu wanaozungumzia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, na methadoni, dawa ya kuwaachisha. Wengine haiwasumbui. Wengine hujipa uongo: "Mimi sijafika kiwango hiki," wakarudi kunywa.

Binamu yangu

Alilazwa siku tano. Alipotoka tuliketi, tukaandika saa yake ya kiu: saa moja usiku, baada ya kuoga, akisubiri chakula. Mimi nilimsukumia AA yangu ya kisiwani, lakini alihesabu feri, akahesabu mangwe mbili kati ya steji na nyumba, akakataa. Alichagua kikundi cha waliotoka matibabuni, siku ya Ijumaa, karibu na kwake, na siku nyingine sita anaingia mkutano wa simu saa mbili usiku, sahani mapajani. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi mchana, anavuka kuja kwenye wangu.

Jumamosi ya kwanza nilimsubiri upande wa kisiwani. Watu walishuka kwenye feri wote, mikokoteni ikapita, nikaanza kutafuta simu kwenye mkoba. Halafu nikamwona nyuma kabisa, akitembea polepole kando ya ukuta, ameshika mfuko wa mahamri. "Sikuweza kuja mikono mitupu," aliniambia, "na ile mikono yenyewe, dada, tazama." Akaninyooshea yote miwili, imetulia.